Wosia si Uchuro: Rai kwa Wazee na Koo za Endabash

Lipo jambo moja ambalo wazee wetu wa Endabash hawapendi kulizungumza, nalo ni jinsi mali yao itakavyokuwa siku watakapokuwa wamekwisha kuzikwa. Mzee atakaa nawe tangu asubuhi hadi jua la utosi akizungumza juu ya mvua zilizochelewa, bei ya mbaazi, fitina za kitongoji na maradhi ya ng'ombe. Lakini ukimtajia wosia atanyamaza, au atakuuliza kwa nini unamtakia kifo. Kwa wengi kuandika wosia ni uchuro. Tunaielewa hofu hiyo, maana haikuanza jana, wala si ya kabila moja. Hata hivyo hatuna budi kusema wazi kwamba kimya hiki kimekuwa mlango ambao dhuluma nyingi hupitia, na wanaodhulumiwa aghalabu ni wajane, mabinti, na wazee wenyewe wangali hai.

Tuchukue mfano ambao kila msomaji wa vijiji hivi anaweza kuujaza majina mwenyewe. Mzee ana ekari nane. Tatu alipewa na baba yake. Mbili aligawiwa na kijiji wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970. Tatu alizinunua yeye na mkewe kwa fedha za mahindi na maharage, kwa karatasi iliyotiwa dole gumba mbele ya balozi, na pembe ya karatasi hiyo imekwisha kuliwa na panya. Alioa wake wawili, na mmoja amekwisha kufariki. Ana wana watano na mabinti wanne. Ana ng'ombe kumi na wanne, lakini wanaolala zizini ni sita tu. Mzee huyo akianguka ghafla, ni nani ajuaye mpaka wa zile ekari mbili? Ni nani atakayesema kwamba zile tatu za mwisho zilitoka katika jasho la watu wawili? Na wale ng'ombe wanane wasiolala zizini, wako kwa nani?

Hili la ng'ombe lataka maelezo, maana wageni hawalijui na vijana wetu wanaanza kulisahau. Tangu zamani wafugaji wa nchi hii ya Wairaqw, na majirani zao, wamekuwa wakiwaweka baadhi ya ng'ombe wao kwa rafiki, kwa shemeji, hata kwa mtu wa kijiji cha mbali. Ilikuwa ni hekima kubwa. Maradhi yakiingia katika zizi moja, ng'ombe wa zizi jingine hupona. Ukame ukipiga upande mmoja, upande wa pili huwa na majani. Na macho ya watu hayawezi kuhesabu utajiri wa mtu kwa kuchungulia zizi lake. Aliyepokea hunywa maziwa na kutumia samadi, na mwenye ng'ombe hubaki na mali yake na ndama wake kwa kadiri ya mapatano. Ni benki isiyokuwa na kitabu. Mkataba wote umo katika vichwa vya watu wawili, na udhamini wake ni heshima yao. Mmoja akifa, heshima ya aliyebaki yaweza kutosha. Lakini wakifa wote wawili, watoto wa huku hubisha hodi kwa watoto wa kule, wa kule huapa kwamba ng'ombe walizaliwa kwao, na urafiki wa miaka arobaini huishia barazani. Karatasi moja iliyotaja rangi ya kila ng'ombe, jina la anayemtunza na ndama waliokwisha kuzaliwa ingeyazuia hayo yote.

Siku hizi limeongezeka jingine la namna hiyo hiyo. Mzee ana fedha katika simu, au akiba katika chama cha kuweka na kukopa, na namba ya siri anaijua peke yake. Hatusemi amwambie kila mtu namba hiyo. Tunasema aandike mahali kwamba fedha hizo zipo.

Sasa tuje kwa wazee walio hai, kwani mirathi huanza kuharibika kabla ya kifo. Vijana wetu wana haraka, na haraka yao ina sababu: mashamba yamekuwa madogo, na kijana wa miaka thelathini hawezi kuoa kwa ahadi. Humwendea baba na kumwambia, baba, tugawie sasa. Baba hugawa. Mmoja huuza sehemu yake akaenda kulima vitunguu Mang'ola. Bei ikianguka hurudi mikono mitupu na kutaka agawiwe tena. Mwingine hukopea. Wa tatu huwa na mke asiyetaka kumwona mkwe wake uani. Baada ya miaka michache mzee aliyekuwa na ekari nane anaomba kipande cha kulimia viazi nyuma ya nyumba ambayo si yake tena, na hana la kusema, maana aliyetoa ametoa.

Rai yetu kwa wazee ni hii: mpe mwanao shamba alime, usimpe amiliki, mpaka uwe na hakika na chakula chako na cha mama yao. Tofauti hiyo iandikwe, kwa sababu miaka kumi ikipita kila mtu hukumbuka maneno yanayomfaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoeleza nchi isiyokuwa na unyonyaji, liliwataja wale wachache wenye haki ya kuishi kwa kazi ya wengine, na pamoja na watoto wadogo na wasiojiweza liliwataja watu waliozeeka wasioweza kujilisha. Kijana mwenye nguvu anayekula kwa ardhi ya baba yake huku baba akilala na njaa ni mnyonyaji, hata kama hana gari wala nyumba ya kupangisha.

Tusisahau pia kwamba mkulima hana pensheni. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na kiwango hicho kikaongezwa baadaye. Huku Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi, na kaya maskini hupata msaada kwa njia ya TASAF. Lakini kwa mzee wa Endabash pensheni yenyewe ni shamba. Akilitoa mapema, amejifukuza kazi bila kiinua mgongo.

Na wale wasemao kwamba mila haimpi mzee nguvu juu ya mtoto mkaidi hawajaisoma mila ilivyoandikwa. Amri ya Sheria za Mila iliyotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo Namba 436, ina sehemu ya urithi na sehemu ya wosia. Katika hiyo ya wosia, mwenye mali anaruhusiwa kumnyima urithi mrithi ambaye bila sababu ya haki hakumtunza katika njaa au maradhi. Au aliyejaribu kumwua, au aliyezini na mke wake. Sharti ni kwamba sababu itajwe, na huyo anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea mbele ya mwenye wosia au baraza la ukoo. Sharti hilo lina busara. Linamzuia mzee asimfukuze mwanawe kwa hasira ya pombe, na linamzuia mwana asitegemee kwamba damu peke yake inatosha.

Lakini amri hiyo hiyo ya 1963 ina upande ambao hatuwezi kuutetea. Katika makabila yanayohesabu ukoo kwa baba, iliwapanga warithi kwa daraja tatu, mwana mkubwa akiwa wa kwanza na mabinti wakiwa wa mwisho. Ardhi ya ukoo binti aliruhusiwa kuitumia maisha yake, si kuiuza. Na mjane iliamuliwa hana fungu lake iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake: fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Maneno hayo yanapendeza masikioni. Tatizo ni mjane asiyekuwa na watoto, au ambaye watoto wake ni wadogo, au ambaye mtoto wake ndiye yule aliyeuza ekari zake akaenda Mang'ola.

Mahakama zetu hazikulala. Mwezi Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake ana uwezo wa kuiuza sawasawa na mwanamume. Tuangalie vizuri: ardhi ile ilimfikia binti kwa wosia. Baba yake alisema neno kabla ya kufa. Wajane wawili wa Shinyanga ambao waume zao hawakuacha neno hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni za mila zinawabagua, lakini ikasema si kazi ya hukumu moja kuzibadili. Rufaa yao ikaanguka mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba nchi yetu imekiuka haki zao na kututaka tuzibadili sheria hizo. Kutoka mahakamani mpaka huko wajane hao walitumia takriban miaka kumi. Mjane wa Endabash hana miaka kumi. Ana msimu mmoja wa kulima, ukipita ana njaa.

Kwa upande wa ardhi, Bunge lilikwisha kusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na inaitangua mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au walemavu haki hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani pasipo ridhaa ya mwenzi wa pili. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Hukumu ile ilikuwa ya talaka, si ya kifo. Lakini tunauliza: ikiwa mwanamke aliyeachwa ana jasho lake katika mali, itakuwaje aliyevumilia mpaka akamfumba mumewe macho asiwe nalo?

Tunajua jibu linalotolewa vikaoni. Husemwa kwamba binti ataolewa na ardhi itahamia ukoo mwingine, na kwamba mjane ataolewa tena na mgeni ataketi katika kigoda cha marehemu. Hoja hiyo si ya kuchekwa, kwa kuwa ukoo ni ngao ya watu wake. Lakini mzee awapeleleze wanaomwuguza. Ni nani anayepanda basi kutoka Karatu mjini au Arusha na kilo mbili za sukari mkono mmoja na dawa za shinikizo la damu mkono wa pili? Ni nani anayefua mashuka? Katika nyumba nyingi ni binti, yule yule aliyeambiwa kwamba si mtu wa hapa. Na kama hofu ni ardhi kwenda nje ya ukoo, dawa yake ni wosia: mzee aweza kuandika kwamba mjane atakaa katika nyumba na kulima mashamba kadha maisha yake yote, kisha yaende kwa watoto fulani. Ukoo usiotaka mjane apewe hata hilo, hofu yake si ardhi kutoka nje.

Wako pia wasemao, ardhi ya kijiji ni ya Serikali, naandika wosia wa kitu gani? Hawa tunawapeleka Kambi ya Simba, katika kata ya Mbulumbulu, ambayo wakati ule ilihesabiwa katika Wilaya ya Mbulu na leo imo katika wilaya yetu ya Karatu. Mwaka 1987 mtu na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walidai mahakamani Arusha ardhi yao ya kimila na wakashinda. Rufaa ikiwa bado haijaamuliwa, ilianza kutumika, tarehe 28 Desemba 1992, sheria iliyofuta haki za kimila za kabla ya vijiji kuanzishwa, bila ya fidia, na kuziondolea mahakama mashauri ya namna hiyo. Mtu na mwanawe wakaipinga katika Mahakama Kuu, wakashinda tena, na Serikali ikakata rufaa. Mwezi Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, haikuitangua sheria yote, lakini iliamua kwamba haki ya kimila ya kukalia na kutumia ardhi ni mali ya mtu, inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ardhi ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake; lakini haki ya mkulima juu ya shamba lake ni mali, na mali hurithiwa. Neno hilo zito, linalosomwa leo na kila mwanafunzi wa sheria nchini, lilitoka katika shamba la jirani zetu.

Wosia wenyewe si kazi ngumu. Kwa mujibu wa kanuni za 1963, wosia wa mdomo hushuhudiwa na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi wa mtu ajuaye kusoma na kuandika hutaka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma hutaka wanne. Na mashahidi hao wawe wanaojua kusoma. Uandikwe kwa wino usiofutika, utiwe tarehe na sahihi au dole gumba, na mrithi asiwe shahidi, isipokuwa mke aliye nyumbani hutakiwa awepo. Sisi twashauri mzee asibane idadi. Wanne ni bora kuliko wawili, na mmoja wao awe kijana, kwa sababu mashahidi wenye umri wa mzee nao hufa. Karatasi isifichwe darini. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huandika na kutunza wosia. Kanisa na msikiti navyo vina makabati.

Ndugu zetu Waislamu wana kanuni zao, nazo ni bayana. Sisi tuliokalia mikeka ya chuo kabla ya kukalia madawati ya serikali tulifundishwa kwamba madeni hulipwa kwanza, kisha wosia usiozidi theluthi, nao hauwi kwa mrithi, kisha mafungu kama yalivyotajwa katika Suratun Nisaa: mke thumuni kukiwa na watoto, robo kusipokuwa nao. Inatusikitisha kumwona mtu aliyeswali maisha yake yote akizikwa kwa sunna, kisha ndugu zake wakageuka usiku ule ule kuwa watu wa mila, kwa kuwa mila haimpi mjane hata hiyo thumuni. Dini haichaguliwi kwa kupima fungu. Kwa sababu mahakama hutazama namna marehemu alivyoishi ili kujua sheria ipi itumike, mzee na aiseme yeye mwenyewe katika maandishi yake, asiwaachie ndugu waiseme kwa niaba yake.

Neno juu ya msimamizi wa mirathi. Watu wengi hudhani kwamba aliyeteuliwa na kikao cha ukoo na kuthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo amekwisha kuwa mwenye mali. Sivyo. Yeye ni mtumishi wa warithi. Kanuni zinamtaka, katika muda wa miezi minne tangu kuteuliwa, apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni, na hesabu ya jinsi alivyogawa. Mjane asiyesikia lolote baada ya miezi minne ana haki ya kwenda kumwuliza hakimu, wala haitaji ruhusa ya shemeji. Akishindwa kuandika barua, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria kwa ajili ya watu kama yeye.

Lililobaki ni la viongozi, na hapa tunasema na wenzetu. Balozi anayetia sahihi mauziano ya shamba huku mke wa muuzaji hayupo anashiriki dhuluma. Halmashauri ya kijiji inayopokea maombi ya hati ya haki miliki ya kimila na kuandika jina la mume peke yake, wakati shamba limechumwa na wawili, inapanda kesi ya miaka ijayo. Fomu zinaruhusu majina mawili, na kalamu ni ile ile. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake: wakae wote, wasiitwe tu kupika chai siku ya kikao. Baraza la kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Basi lisimtishe mjane kwa hukumu lisiyokuwa na uwezo wa kuitoa, bali limweleze njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tunapendekeza kwamba katika mkutano mkuu wa kila kijiji utakaofuata mavuno ya mwaka huu, liwekwe katika ajenda fungu moja la mirathi, hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aalikwe kueleza, na wazee waje na wake zao. Mtendaji afungue daftari la mipaka, kila mzee aonyeshe mawe na minyaa ya shamba lake mbele ya majirani angali na miguu ya kutembea, na wale walioweka ng'ombe kwa marafiki waje na marafiki hao.